Anayetunga na Anayelipwa: Haki katika Majukwaa ya Mtandaoni

Mada ya leo ni haki ya malipo katika majukwaa ya mtandaoni, yale ambayo watu wa kawaida huweka kazi zao ili wengine wazitazame, wazisome au wazisikilize. Kazi hizo ni video, picha, nyimbo, makala, mafunzo ya upishi, majibu ya maswali ya watu. Mwenye jukwaa hatungi hata moja kati ya hizo. Wanaotunga ni watumiaji, na wakigoma leo, kesho jukwaa halina cha kuonyesha. Swali basi ni hili: faida inayotokana na jasho la watu wengi namna hiyo hugawanywaje, na nani huamua mgawo?

Swali hili linawagusa watu wa Afrika Mashariki na Kongo kwa karibu. Kijana wa Mwanza anayerekodi vichekesho kwa simu, mama wa Mombasa anayefundisha kupika biriani, mwalimu wa Bukavu anayeeleza hesabu kwa Kiswahili, wote wamo katika shughuli hii. Wanatoa bando lao, muda wao na kipaji chao. Baadhi hulipwa, wengi hawalipwi, na hata kati ya wanaolipwa ni wachache wanaojua hesabu ya malipo yao ilifikiwaje.

Ili mambo yasichanganyike, kuna maswali matatu ya kushika tangu mwanzo hadi mwisho. La kwanza: ni kitu gani kinachohesabiwa? La pili: nani anahesabu? La tatu: anayeona kaonewa, anakwenda kulalamika wapi? Maswali hayo yatarudi mara kwa mara, kwa sababu malipo makubwa peke yake hayalifanyi jukwaa kuwa la haki. Haki yake hupimwa kwa namna linavyoyajibu maswali hayo matatu.

Hatua ya kwanza ni kutambua aina za malipo. Malipo ya mtandaoni ni ya namna tatu: fedha, heshima na mamlaka. Fedha inaeleweka. Heshima ni zile alama za kupendwa, nishani, idadi ya wafuasi na maneno ya shukrani. Mamlaka huja pale jukwaa linapompa mchangiaji mzuri uwezo ambao mgeni hana. Katika Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya watengeneza programu lililoanzishwa mwaka 2008, anayejibu vizuri hupigiwa kura, kura hugeuka pointi, na pointi humfungulia uwezo wa kuhariri maandishi ya wengine na hata kupiga kura ya kufunga maswali. Hakuna senti inayotoka, lakini aliyefanya kazi nyingi huwa na sauti kubwa zaidi.

Je, watu kufanya kazi bila kupewa fedha ni dhuluma? Si lazima. Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza tarehe 15 Januari 2001, haimlipi mwandishi wake yeyote, na toleo la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003, limejengwa na watu wanaojitolea. Lakini Wikipedia haiuzi matangazo, inasimamiwa na taasisi isiyotafuta faida, na makala zake ziko chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia bure. Aliyetoa bure anaona kazi yake ikiwafikia wengine bure. Hapo hakuna aliyepunjwa.

Hali hubadilika pale watu wanapotoa bure, kisha mwingine akauza. Reddit ni jukwaa la majadiliano la Marekani lililoanzishwa mwaka 2005. Kwa miaka mingi watumiaji wameandika humo bila malipo, na wasimamizi wa kujitolea wamefanya kazi ya kuondoa matusi na ulaghai. Februari 2024 kampuni hiyo ilitangaza mkataba unaoiruhusu Google kutumia maandishi hayo, ikiwa ni pamoja na kufundishia mifumo ya akili mnemba. Mwezi uliofuata hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la New York. Baadhi ya watumiaji na wasimamizi walipewa nafasi ya kununua hisa kwa bei ya mwanzo, ila kununua kunahitaji fedha mfukoni. Maneno ambayo watu waliandikiana ili kusaidiana yakawa na bei, na bei hiyo haikukubaliwa na walioyaandika. Kwa swali la pili, yaani nani anahesabu, jibu hapa ni kampuni peke yake.

Hatua ya pili ni njia za kugawa fedha pale zinapokuwapo. Zipo njia kuu tatu, na kila moja ina haki yake na dhuluma yake.

Njia ya kwanza ni ya asilimia. YouTube, iliyonunuliwa na Google mwaka 2006, ilianza mwaka 2007 kugawana mapato ya matangazo na baadhi ya watayarishaji wa video. Kwa video ndefu, mtayarishaji huchukua asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video yake, na kampuni huchukua asilimia 45. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu anajua fungu lake mapema. Matangazo yakiongezeka, naye huongezewa. Yakipungua, wote wawili hupungukiwa.

Njia ya pili ni ya mfuko wenye kiasi maalumu. Julai 2020 TikTok ilitangaza mfuko wa dola milioni 200 kwa ajili ya watayarishaji wa Marekani. Kiasi hicho kilishangiliwa, lakini mfuko wa aina hiyo una tatizo la hesabu. Mfuko wa shilingi milioni moja ukigawanywa kwa watu 100, kila mmoja hupata shilingi 10,000. Watu wakifika 1,000, kila mmoja hupata shilingi 1,000. Kazi haijapungua, watazamaji hawajapungua, na jukwaa lenyewe linazidi kutajirika kwa sababu limepata watu wengi zaidi. Kinachopungua ni fungu la kila mtunzi. Januari 2022 Hank Green, mtayarishaji wa video anayejulikana sana Marekani, alilieleza jambo hilo hadharani: jukwaa linavyofanikiwa, ndivyo malipo ya kila mara video inapotazamwa yanavyoshuka. Mwishoni mwa mwaka 2023 mfuko huo ulifungwa Marekani na katika nchi kadhaa za Ulaya, ukafuatiwa na mpango mwingine.

Njia ya tatu ni ya kuchanganya fedha zote kisha kugawa kwa uwiano. Ndiyo inayotumiwa na Spotify, huduma ya muziki iliyoingia Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi Februari 2021. Mapato huwekwa pamoja, kampuni huchukua sehemu yake, na kinachobaki huwaendea wenye haki za nyimbo kwa kadiri nyimbo zao zilivyosikilizwa. Hebu msikilizaji afikirie watu wawili wanaolipa ada sawa. Mmoja ni bibi wa Unguja anayesikiliza nyimbo tatu nne za taarab baada ya chakula cha jioni. Mwingine ni kijana anayeiacha simu ikipiga muziki usiku kucha. Ada zao ni sawa, lakini kijana amesikiliza mara nyingi zaidi, kwa hiyo ndiye anayevuta fedha. Sehemu kubwa ya ada ya bibi huishia kwa wanamuziki ambao hajawahi kuwasikia.

Katika ukumbi wa taarab mambo huwa tofauti. Anayeguswa na ubeti huinuka, akacheza taratibu mpaka mbele, akamtunza mwimbaji mkononi, na kila mtu akaona. Fedha inamfikia yule yule aliyemgusa. Mwaka 2021 huduma ya SoundCloud ilianza utaratibu unaokaribia huo kwa baadhi ya wanamuziki: mchango wa kila msikilizaji unakwenda kwa wale aliowasikiliza yeye mwenyewe. Spotify kwa upande wake iliweka sharti mwaka 2024 kwamba wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 hauingii katika mgawo. Sharti hilo linapunguza ulaghai na malipo ya senti zisizofika popote, lakini linamwacha nje mwanamuziki anayeanza.

Mpaka hapa jambo moja limejitokeza, nalo linafaa kurudiwa. Fedha zile zile, zikihesabiwa kwa kanuni tofauti, humtajirisha mtu tofauti. Kanuni ya hesabu ndiyo mgawo wenyewe.

Hatua ya tatu ni kisa cha jukwaa lililotaka kuondoa kampuni katikati na kuwaachia watumiaji wenyewe kazi ya kugawa. Jukwaa hilo ni Steemit, lililoanzishwa mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer juu ya mfumo wa sarafu ya kidijitali uitwao Steem. Ahadi yake ilikuwa tamu: mtu aandike, wasomaji wapige kura, na kura zigeuke fedha. Malipo ya kwanza yalitolewa tarehe 4 Julai 2016.

Mfumo huo ulifanyaje kazi? Kila siku mfumo ulizalisha sarafu mpya, na sehemu ya sarafu hizo ikatengwa kwa waandishi na wapiga kura. Mtu akichapisha makala, kura zilipigwa kwa muda maalumu, ambao baadaye uliwekwa kuwa siku saba. Muda ukiisha, makala ilipata fungu lake. Katika miaka ya mwanzo, robo tatu ya fungu hilo ilikwenda kwa mwandishi na robo moja kwa wapiga kura, ili kuwatia moyo watu kutafuta makala nzuri. Yote yaliandikwa katika daftari la pamoja la kidijitali ambalo mtu yeyote aliweza kulikagua. Kwa upande wa uwazi, ni majukwaa machache yaliyofika pale.

Tatizo lilikuwa uzito wa kura. Kura hazikuwa sawa. Kila moja ilipimwa kwa wingi wa sarafu ambazo mpiga kura alikuwa amezifungia ndani ya mfumo. Isitoshe, mwanzoni hesabu ilitumia kipeo cha pili: mwenye sarafu mara kumi zaidi, akipiga kura peke yake, aliiongezea makala uzito mara mia. Wenye akaunti kubwa waliitwa nyangumi. Makala iliyopendwa na watu 200 wasio na kitu ingeweza kupata senti chache, na ya jirani yake, iliyopitiwa na nyangumi mmoja, ikapata mamia ya dola. Na nyangumi hao walitoka wapi? Wengi walizipata sarafu zao katika siku za mwanzo kabisa, kabla umma haujajua kuna nini. Kampuni iliyoanzisha mfumo yenyewe ilijikusanyia fungu kubwa wakati huo.

Malalamiko yalipozidi, Juni 2017 kipeo cha pili kiliondolewa, kura zikahesabiwa kwa uwiano wa moja kwa moja. Hapo likazuka tatizo jingine. Mwenye sarafu za kutosha aligundua kwamba njia rahisi ya kupata malipo ni kujipigia kura mwenyewe kila siku, hata kama alichoandika ni mstari mmoja. Wengine waliandika programu za kuuza kura: mwandishi analipa, programu inampigia kura, makala inapanda juu. Wasomaji wakaanza kuziona kwenye ukurasa wa mbele makala zilizonunuliwa. Mwaka 2019 kanuni zilibadilishwa tena. Wapiga kura wakapewa nusu ya malipo badala ya robo, ili wapate faida zaidi kwa kuchagua kazi za wengine kuliko kujipigia wenyewe, na kura za kupinga zikarahisishwa.

Kisha ukaja mtihani mkubwa kuliko yote. Februari 2020 mfanyabiashara Justin Sun, mwanzilishi wa mfumo wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit pamoja na sarafu zake. Wasimamizi wa mfumo, waliokuwa wakichaguliwa kwa kura za sarafu, waliogopa kwamba mnunuzi angetumia fungu hilo kutawala, wakalizuia lisitumike. Mwanzoni mwa Machi masoko kadhaa makubwa ya sarafu za kidijitali yalipiga kura kumuunga mkono Sun, kwa kutumia sarafu ambazo wateja walikuwa wameyaachia yawatunzie, na wasimamizi wa zamani wakaondolewa. Sehemu kubwa ya jumuiya haikukubali. Tarehe 20 Machi 2020 ilijitenga na kuanzisha mfumo mpya uitwao Hive, ikanakili akaunti na sarafu za watu, lakini ikaliacha nje lile fungu la kampuni.

Kisa hiki kinafundisha nini? Maswali yale matatu yanasaidia kukisoma. Nini kilihesabiwa? Sarafu, na watu hawakuhesabiwa. Nani alihesabu? Daftari la wazi, lakini kwa kanuni iliyompa tajiri kauli. Anayeonewa alikwenda wapi? Hakuwa na pa kwenda, na hatimaye jumuiya ikalazimika kuhama. Uwazi ni jambo jema, lakini hautoshi. Kanuni mbaya ikiandikwa waziwazi inabaki kuwa kanuni mbaya.

Hatua ya nne inahusu mambo mawili yanayoharibu mgawo hata pale ambapo hakuna aliyekusudia ubaya.

La kwanza ni umaarufu kuzaa umaarufu. Mwaka 2006 watafiti watatu, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya mtandaoni wakiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, na zaidi ya watu 14,000 wakazisikiliza na kuchagua za kupakua. Washiriki waligawanywa katika makundi yasiyoonana. Baadhi hawakujua wenzao wamechagua nini. Wengine waliona idadi ya mara ambazo kila wimbo ulipakuliwa katika kundi lao. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja na nafasi ya 40 katika kundi jingine. Wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile. Kilichotofautiana ni nani alibahatika kupakuliwa mapema. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana na mbaya kabisa hazikupanda sana, lakini zilizo katikati, ambazo ndizo nyingi, zilipelekwa na bahati.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2013 na Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, lilifanywa kwenye jukwaa la habari ambapo watu hupigia kura maoni. Maoni yaliyochaguliwa bila mpangilio yalipewa kura moja ya kupendwa mara tu yalipowekwa. Kura hiyo moja ya mwanzo iliongeza alama zao za mwisho kwa wastani wa asilimia 25. Kwa hiyo idadi ya watazamaji si kipimo safi cha ubora. Jukwaa linapolipa kwa idadi peke yake, kwa kiasi fulani linalipa bahati na kutangulia.

La pili ni zawadi kuua moyo wa kujitolea. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Baadhi walipewa cheti kile kile baada ya kuchora, bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye, walioahidiwa walitumia kama nusu tu ya muda ambao wenzao walitumia kuchora kwa hiari yao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupoa. Ahadi ndiyo iliyogeuza mchezo kuwa kibarua.

Kiswahili kina mfano wake. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na zawadi zilijumuisha kompyuta na simu. Makala mpya ziliingia kwa mamia, na hilo lilikuwa jambo jema kwa lugha. Lakini zawadi zilipokwisha kutolewa, washiriki wengi hawakurudi. Waliobaki ni wale wahariri wa kujitolea waliokuwapo kabla ya shindano, wakiwa na kazi ya kusahihisha walichoachiwa. Zawadi ilihesabu makala zilizoandikwa. Haikuhesabu makala zilizotunzwa, na jukwaa la aina ile huishi kwa kutunzwa.

Hatua ya tano ni yale yanayomkuta mtayarishaji wa Afrika Mashariki hasa. Kwake, mlango ni mwembamba, bei ya mtazamaji ni ndogo, na mwizi ni mwepesi.

Mlango kwanza. Januari 2018 YouTube ilitangaza kwamba mwenye chaneli hatapata mapato ya matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Kwa anayetumia lugha yenye mamia ya mamilioni ya watazamaji walio mtandaoni usiku na mchana, hicho ni kizingiti. Kwa mwalimu wa Bukavu ambaye wanafunzi wake hununua bando la siku moja moja, ni ukuta. Mipango mingine ya malipo hufunguliwa nchi kwa nchi. Mfuko ule wa TikTok haukuzifikia nchi za Afrika Mashariki. Mtu anaweza kuwa na wafuasi laki tano na asilipwe, kwa sababu tu nchi yake haimo katika orodha.

Pili, bei ya mtazamaji. Watangazaji hulipa zaidi kumfikia mtazamaji wa Marekani au Uingereza kuliko wa Dodoma au Kisumu. Hivyo video mbili zenye watazamaji sawa huleta mapato yasiyo sawa. Wanaotengeneza video za Kiswahili huinuliwa kidogo na ndugu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Lakini tangu Juni 2021 YouTube hukata kodi ya Marekani kwa mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani, na kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, kama Tanzania na Kenya, kiwango ni asilimia 30. Nyumbani nako kodi ipo: mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipendekeza kukata asilimia 15 ya mapato ya maudhui ya kidijitali, na Bunge likapitisha asilimia 5.

Tatu, wizi. Ichukuliwe kwamba kijana wa Mwanza ameweka kichekesho chake asubuhi. Saa sita mchana ukurasa mkubwa umekipakua, umekata jina lake lililokuwa pembeni, umekiweka upya. Jioni kimefika kila kundi la WhatsApp. Watazamaji wote wamehesabiwa kwa aliyekiweka upya. Mashine haijui nani alitunga. Inajua nani alipandisha. YouTube ina mfumo wa Content ID, ulioanza mwaka 2007, unaotambua kazi iliyonakiliwa na kumpa mwenye haki uchaguzi wa kuizuia au kuchukua mapato yake. Lakini mfumo huo hufunguliwa kwa wenye kazi nyingi zenye haki miliki, kama kampuni za muziki na filamu. Mtu mmoja mwenye simu hujaza fomu ya malalamiko na kusubiri, na vichekesho huwa moto kwa siku mbili tu.

Kuna kundi jingine linalosahaulika kabisa katika mgawo huu, nao ni wanaosafisha majukwaa. Watu walioajiriwa na makampuni ya wakala jijini Nairobi wametazama, siku baada ya siku, picha za mauaji na ukatili ili watumiaji wengine wasizione. Baadhi yao waliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, katika mahakama za Kenya kuhusu mazingira na masharti ya kazi yao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa nchini humo. Hoja yao inatoka katika mada hii hii: jukwaa haliwezi kuwa safi bila mikono inayolisafisha, na mikono hiyo nayo ina haki.

Baada ya kupita hatua hizo tano, masharti ya mgawo wa haki yanaweza kutajwa kwa ufupi.

Sharti la kwanza, kanuni ijulikane kabla ya kazi kuanza, na ikibadilishwa watu wapewe muda. Mvuvi hawezi kuambiwa bei ya samaki baada ya samaki kuliwa.

Sharti la pili, kinachohesabiwa kiwe zaidi ya idadi. Kazi mpya ya mtu mpya ipate nafasi ya kuonekana na watu kadhaa kabla ya kuhukumiwa. Utunzaji, usahihishaji na usimamizi navyo vihesabiwe, kwa fedha au kwa mamlaka.

Sharti la tatu, wingi wa fedha usiwe wingi wa kura. Steem ilikwama hapo.

Sharti la nne, asili ya kazi itambuliwe. Mapato yamfuate aliyetunga.

Sharti la tano, kuwe na rufaa inayosikilizwa na binadamu na kujibiwa kwa sababu. Hilo linawezekana. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inayataka majukwaa yamweleze mtumiaji sababu pale yanapoondoa kazi yake au kumkatia malipo, na yawe na utaratibu wa malalamiko. Kampuni zinazotimiza hayo Brussels zinaweza kuyatimiza Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, ikiwa serikali na mabunge ya huku yatayadai kwa pamoja.

Na watumiaji wa kawaida wafanye nini wakati sheria zikisubiriwa? Yapo matatu. Mtayarishaji asome masharti ya jukwaa kabla ya kuweka kazi, aweke jina lake katikati ya picha badala ya pembeni, na atunze faili za asili, kwa kuwa ndizo ushahidi wake. Mtazamaji aliyefaidika amchangie mtunzi moja kwa moja inapowezekana. Namba ya M-Pesa au lipa namba chini ya video hupitisha fedha bila kukatwa na jukwaa. Na viongozi wa makundi, wa WhatsApp, wa Telegram au wa Facebook, waweke kanuni kwamba kazi isiyotajwa mwenyewe haipandishwi.

Jambo la mwisho halihitaji fedha, sheria wala ruhusa ya mtu. Kila anayesambaza kazi ya mwenzake aandike jina la aliyeitunga.